Shimoni hadi Kisite: Amana ya Pumzi Chini ya Maji

Kutoka gati la Shimoni, katika Kaunti ya Kwale, mashua huvuka mkondo na kufika Wasini kwa muda mfupi. Kisiwa hiki hakina magari. Nyuma ya kijiji pana bustani ya matumbawe yaliyoachwa nchi kavu, nayo hutunzwa na akina mama wenyeji. Mbele zaidi iko hifadhi ya bahari ya Kisite, maskani ya kasa, pomboo na samaki wa kila rangi. Hapo ndipo wageni, na siku hizi vijana wetu pia, hushuka chini wakiwa na mitungi ya hewa mgongoni.

Bahari hii ina majira yake. Kusi ikivuma, maji huchafuka na safari za kupiga mbizi hupungua; kaskazi ikirejea, maji hutakata na mitungi hushushwa tena. Katika miezi ya kungoja ndimo ujuzi unamopotelea. Cheti cha kupiga mbizi kwa burudani kwa kawaida hakina tarehe ya kwisha. Kadi hubaki mpya mfukoni, ilhali mkono umekwisha kusahau.

Na linalosahauliwa si dogo. Kwenye kina cha mita 10, mgandamizo ni maradufu ya ule wa juu. Pumzi iliyovutwa huko hutanuka kadiri mtu anavyopanda. Akiizuia kwa hofu, mapafu yaweza kupasuka. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa asiache kupumua kamwe, apande polepole, na atulie dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kuibuka. Hufundishwa pia kutoa maji yaliyoingia katika miwani na kumpa mwenzake hewa. Hofu ikishaingia, hapana nafasi ya kukumbuka somo. Mkono hufanya ulichozoea tu.

Mpiga mbizi hashuki peke yake. Kinywa cha akiba kilichoning'inia kifuani pake ni amana ya mwenzake. Kazi ya mwalimu humalizika siku ya kutoa cheti. Tangu hapo dhamana humwangukia mwenye cheti.

Basi enyi wazazi, mwana akiaga kwenda Kisite, mwulizeni alizama lini mara ya mwisho. Ikiwa miezi mingi imepita, na arudie mazoezi na mwalimu kwanza, bwawani au katika maji ya kina kifupi. Matumbawe hayahami, yatamngoja.