Barua kutoka Kansas: kware, mbwa na bunduki

Baba Mdogo,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikitoka kazini, na swali lako sikulisahau. Umeuliza hawa Wamarekani wenye nyama tele madukani wanahangaika nini na ndege mdogo kama kware, na kwa nini wamfuate na mbwa wa bei ya ng'ombe. Wewe uliyewatega kware kwa kamba katika milima ya Masisi kule Congo, mbwa wako akitangulia na kengele shingoni, nikikujibu juujuu nitakuwa nimekukosea.

Kware wa huku wanamwita bobwhite. Ana uzito wa kama gramu 170 tu, basi usifikirie kitoweo cha nyumba nzima. Wakati wa baridi hukaa kwa kundi, mara nyingi ndege 10 hadi 15. Usiku hulala chini kwa duara, mikia ndani, vichwa nje, wakipashana joto. Hatari ikija, kila mmoja anarukia upande wake na hakuna anayemgonga mwenzake. Mchana hujificha kwenye vichaka vya plamu pori, karibu na mashamba ya mtama. Ndiyo, mtama huu huu wetu. Kansas wanaulima sana, na punje zinazobaki chini baada ya mavuno ndizo chakula cha kware.

Mimi niko Wichita. Ukienda magharibi kwa gari saa moja na nusu hivi unafika upande wa Medicine Lodge, penye vilima vya udongo mwekundu wanavyoviita Red Hills. Aliyenipeleka huko mara ya kwanza ni mzee mmoja tunayefanya kazi naye, mzaliwa wa hapa hapa, mwenye mbwa wawili wa aina ya Brittany, weupe wenye mabaka ya rangi ya chungwa.

Kuwinda bila mbwa kunawezekana, Baba Mdogo. Wapo wanaowinda hivyo, na si wavivu. Mtu hutembea polepole ukingoni mwa shamba, hatua kadhaa, kisha anasimama kimya kama nusu dakika. Kule kusimama ndiko kunakowatoa. Kware akisikia nyayo zinapita hutulia palepale. Zikikoma karibu naye, uvumilivu unamwishia anaruka. Kundi likitawanyika, mwindaji huangalia kila mmoja ametua wapi, kisha anamfuata mmoja mmoja. Jioni ndege wenyewe huitana kwa mluzi mpaka wakutane tena.

Lakini mwenye mbwa anaona mambo mengine kabisa. Mbwa hukimbia kushoto na kulia, pua ikitafuta upepo, kengele inalia. Ghafla kengele inanyamaza. Unamkuta ameganda, mguu mmoja wa mbele umekunjwa, mkia umenyooka, hata macho hayapepesi. Kware wako mbele yake hatua chache na wewe huoni chochote ila majani makavu. Mbwa wa pili akifika nyuma na kumwona mwenzake, naye anasimama palepale, ingawa harufu bado hajaipata. Anamwachia mwenziwe heshima yake. Mbwa wako wa Masisi alikimbiza, na kengele ilikuwa ya kukuambia yuko wapi. Huyu wa huku amefundishwa kutokimbiza, na kengele inasema ikinyamaza.

Sasa nifike kwenye jibu lako. Mbwa anastahili gharama yake baada ya bunduki kulia, kuliko hata kabla. Kware ana rangi ya majani makavu. Akipigwa asife, anakimbia kwa miguu na kujibana chini ya kichaka, na mtu anaweza kupita juu yake asimwone. Atakufa usiku na hakuna atakayemla. Mbwa humtafuta mpaka ampate, humchukua kwa mdomo laini bila kumtafuna, akamweka mkononi mwa bwana wake. Kwangu hilo linatosha. Ukiamua kuua, usiache ulichokiua kikapotea.

Bunduki wanazobeba ni za marisau, hizo mnazoita kalibre 12, na nyingine ndogo zaidi. Aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Julai 1957 lazima asome kozi ya usalama wa uwindaji kabla ya kuwinda mwenyewe. Msimu wa kware unafunguliwa Jumamosi ya pili ya Novemba na kufungwa 31 Januari, na haki ya mwindaji ni ndege 8 kwa siku. Congo yetu nayo ina sheria yake ya uwindaji, ya tarehe 28 Mei 1982. Lakini tangu vita vya Masisi vya 1993, bunduki zilizopanda milima ile hazikuja kwa ajili ya ndege, na wewe uliacha kutega kwa sababu vichakani mlikuwa na watu.

Tarehe 27 Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma mnakoishi, huku msimu ulikuwa umebakiza siku chache umalizike. Simu zenu hazikupatikana. Mzee yule alinipigia akitaka tuende vilimani, nikamwambia wiki hii siwezi kusikia mlio wa risasi. Hakuuliza zaidi. Alikuja kwangu na mbwa wake, bunduki ameiacha nyumbani, tukatembea kandokando ya mto Arkansas mpaka giza likaingia. Sikuwahi kukueleza hilo.

Jambo moja zaidi litakugusa. Kware hawa wamepungua sana. Tangu hesabu za ndege zianze mwaka 1966, zaidi ya robo tatu yao wametoweka. Mashamba yamekuwa makubwa, ua na vichaka vimeng'olewa, magugu yenye mbegu yanauawa kwa dawa. Mtaalamu mmoja, Herbert Stoddard, aliwachunguza kware wa Georgia na Florida na kutoa kitabu mwaka 1931. Alisema wazi kwamba moto wa kiasi ni wa lazima, kwa maana majani yakisongamana kinda la kware halipati pa kupita wala mbegu za kula. Wataalamu wa misitu wa wakati ule hawakupenda kusikia hivyo. Leo baadhi ya wafugaji wa Kansas huchoma malisho yao kwa zamu, kipande kwa kipande, wakiacha vichaka vya kujificha. Wafugaji wa kwetu, kama wapo wanaochoma kilima chote kwa mara moja, wangefaa kuliona hilo, nawe ungeweza kuwaeleza vizuri kuliko mimi.

Kozi ile ya usalama nimeisoma na leseni ninayo, maana hata mwenye kushika mbwa ni vema awe nayo. Bunduki sitanunua. Mzee ameshakubali: yeye apige, mimi niende na mbwa na kubeba ndege. Novemba ikifika nitakutumia video ya yule mbwa mkubwa akiwa ameganda. Uniambie wewe ungemfundishaje, na kama wa Masisi angeweza kuzuiwa asikimbize.