Uta wa Kale

Kitu cha kale kina maadui wawili. Wa kwanza ni yule akitupaye. Wa pili ni yule akipendaye kwa pupa. Mtupaji hukipoteza mara moja. Mpenzi asiye na subira hukipoteza kidogo kidogo, huku akidhani kuwa anakitengeneza. Nimeyawaza haya kwa sababu ya uta mmoja uliokaa miaka mingi juu ya meko katika nyumba ya baba yangu mkubwa, Maguu, katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga.

Upinde ni jina lililozaliwa na tendo la kupinda. Uta ni urithi wa ukoo mzima wa lugha za Kibantu, ambazo nyingi zinalo neno hilo hata leo, kila moja kwa sauti yake. Uta wetu ni kipande kimoja cha mti mgumu, mnene katikati, mwembamba katika ncha. Ugwe wake wa ngozi ulikuwa umekatika, na mwili wake umejaa masizi. Masizi hayo hayakuwa uchafu mtupu, kwa kuwa moshi wa meko ndio uliowazuia fukusi wasiule.

Nilipokabidhiwa kazi ya kuutengeneza, vijana wa nyumbani walitaka usuguliwe kwa msasa na kupakwa vanishi. Mmoja alitaka utiwe ugwe mpya, auvute apate kujua nguvu zake. Rai zote mbili zilitoka katika mapenzi, na zote mbili zingeuangamiza. Mti uliokauka miaka mingi huvunjika ghafula ukivutwa. Msasa nao ungefuta mikwaruzo midogo iliyo juu kidogo ya mahali pa kushikia, ambayo mishale iliiacha ilipokuwa ikipita. Mikwaruzo hiyo ndiyo maandishi ya pekee aliyotuachia babu.

"Baba mdogo, kitu kisichong'aa nani atakitazama?" kijana aliniuliza. Baba mkubwa alinitangulia kujibu: mwindaji hakuutaka uta ung'ae, maana mnyama huuona mng'ao kabla ya kumwona mtu.

Basi nikaupangusa kwa kitambaa kikavu na laini, siku kadha wa kadha, mpaka vumbi likatoka na weusi ukabaki. Ngozi ya mahali pa kushikia niliipaka mafuta kidogo mno ya mbarika. Nyufa sikuziziba. Ugwe uliokatika niliukunja nikaufunga pembeni.

Podoni mlikuwamo mishale mitatu yenye utando mweusi katika vyembe. Hiyo sikuigusa kwa mkono mtupu, kwa sababu sumu ya mshale huweza kuishi kuliko aliyeipika. John Kirk, daktari aliyefuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858, na ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, aliona mapigo ya moyo wake yamebadilika baada ya mswaki wake kuchanganyika na sumu ya mishale, iitwayo kombe, ya nchi za kusini mwa Ziwa Nyasa. Baadaye, kutokana na mmea wa sumu hiyo, Thomas Fraser wa Edinburgh alipata dawa ya moyo. Elimu ya wawindaji ilikuwa imetangulia maabara.

Leo miteremko ya Maguu ni mashamba ya kahawa na mashimo ya ngolo, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda pasipo kibali. Kijana wetu hataishi kwa uta, wala si lazima aishi kwa huo. Lakini akiuliza babu zake walikuwa watu gani, atajibiwa na mti wenye masizi na mikwaruzo, si na mti mpya unaong'aa. Mtengenezaji na aondoe kilicholetwa na uharibifu, akiache kilicholetwa na mikono ya watu. Na asipoweza kuvitenganisha viwili hivyo, na aweke msasa chini kwanza, awaulize wazee wangalipo.