Maombi hayaongezi miaka

Sisi ni vijana, tuko Nakivale. Mwezi uliopita tulialikwa harusi. Bibi harusi tunamjua, tulikuwa tunasoma naye masomo ya jioni. Karatasi ya familia yao inasema ana miaka 16. Tulimuuliza baba yake, akatujibu: "Mchungaji ameshakubali, ninyi ni nani?" Tukanyamaza, tukakula wali. Yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza, hata siye.

Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 31, inasema kuoa na kuolewa ni kuanzia miaka 18. Na tusiseme hiyo ni sheria ya wenyeji tu. Kwetu Kongo pia ni 18, na ndoa ya kanisa peke yake serikali haiihesabu.

Hatupingi kanisa. Kanisa ndilo lilitupokea siku tulifika hapa bila hata sufuria. Ndiyo maana tunawaomba wachungaji wetu, na mashehe pia: kabla ya kubariki, ombeni karatasi, muangalie miaka. Halafu muulizeni binti akiwa peke yake.

Dada yetu hajarudi darasani. Safari nyingine tutasema kabla ya wali kuiva.