Shanga tulizokamata

Kwanza tuseme wazi: makosa ni yetu sisi kapita wa wanafunzi, si ya mwingine.

Jioni moja ya mwezi wa pili, saa ya etide, tulikuwa tunapita kati ya meza, tukaona mdogo wetu mmoja wa darasa la saba ameinama. Kaye yake ilikuwa wazi lakini mikono iko chini ya meza. Tukavuta mfuko mdogo wa nailoni. Ndani mulikuwa shanga za karatasi na za mti. Tukamuuliza mbele ya wote, "Etide njo saa ya mapambo?" Wenzake wakacheka. Yeye akajibu tu, "Yaya, unisamehe." Tukafungia mfuko ndani ya sanduku letu chini ya kitanda, na juma tatu tukasahau.

Halafu mwalimu mmoja akatuita na kutuelezea. Mtoto yule anajinunulia makaye na kalamu kwa kazi ile. Alifundishwa na shangazi yake aliyerudi toka Uganda, ambako wamama wengi wanaishi kwa kutengeneza ushanga wa karatasi. Tena mama mmoja wa soko alikuwa amekwisha kumlipa nusu. Tulikimbia kufungua sanduku. Kumbe shanga zilikuwa hazijapakwa verni, na kole yake ni uji wa unga wa muhogo! Mende walikula. Za mti 22 zilikuwa nzima. Za karatasi 63 zilibaki vumbi na vipande.

Tukampelekea pesa, akakataa. "Yaya, pesa hapana. Unitengenezee zangu."

Basi kila Jumamosi, kisha kufua nguo, anatufundisha chini ya mpera. Unakata karatasi ya kalendari ya zamani: urefu sentimita 25, upande mmoja upana sentimita 2, upande mwingine ncha kama ya sindano. Unaanza kuviringisha kwa upande mpana, juu ya waya ya gurudumu la kinga. Uji unapaka toka katikati tu. Ukipaka mwanzoni, shanga inashikamana na waya, haitoki tena. Ncha ikikwenda pembeni kidogo, shanga yote inapinda. Tuliharibu 11 za kwanza.

Zile za mti ni vijiti vya mpera, vimekaushwa kivulini maana jua linavipasua. Tundu linatobolewa na waya ya moto, kidogo upande huu, kidogo upande ule, mpaka zikutane. Tulidhani ni mchezo wa wasichana, mpaka tulipounguza vidole viwili.

Sasa tumefikisha 49. Jumamosi iliyopita alizihesabu moja moja, akaweka nne pembeni: "Hizi zinalegea, yaya. Utarudilia." Kwa hiyo zinabaki 18, na Egzame ya Serikali inakaribia.

Lakini ile jioni ninyi wote mlituona tukimpatisha haya, na hakuna aliyetuona tukimwomba radhi. Ndiyo sababu tuliomba nafasi hapa. Mdogo wetu, utusamehe.

Mwenye kuwa na kalendari ya zamani, atuletee. Yeye anapenda zaidi rangi ya bluu.