Siku Kumi na Nane Kabla ya Jinhua

Zimebaki siku kumi na nane. Viza ipo, tiketi ipo, barua ya likizo bila malipo imeshasainiwa na bosi. Sasa kwa nini saa nane za usiku nipo macho, nimelala chali, naangalia feni inavyozunguka?

Naamini wapo wasomaji wanaoijua hali hii. Umepata nafasi ya kwenda kusoma nje, simu haikauki pongezi, mashangazi wanasema "hongera mwanangu, usitusahau", na wewe unacheka nao huku tumboni kuna kitu kimejikunja. Tena mimi siendi kusomea udaktari wala sheria. Naenda kusoma lugha. Kichina, mwaka mmoja wa masomo, Septemba mpaka Juni. Nina miaka 29, nina kazi, na nina mchumba.

Mji ninaokwenda unaitwa Jinhua. Usione aibu kama hujawahi kuusikia. Uko katikati ya jimbo la Zhejiang, mashariki ya China. Ndege inatua Shanghai, uwanja wa Pudong, halafu unalikata jiji zima kwa treni ya chini ya ardhi, laini namba 2, mpaka kituo cha Hongqiao. Hapo unapanda treni ya kasi, na kabla hujamaliza hata kusinzia vizuri umefika. Safari hii nimeshaipita kwenye ramani mara nyingi mno. Nadhani nitashuka Pudong kama mtu anayerudi nyumbani, mpaka hapo nitakapofungua mdomo.

Jinhua inasifika kwa mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa kwa chumvi. Mimi ni Muislamu wa Tanga. Mchumba wangu alipogundua hilo alicheka mpaka akakaa chini. Lakini nimeshaulizia, na nimeshajifunza alama mbili za kuangalia juu ya mlango wa mgahawa: qingzhen, yaani chakula halali. Wachina Waislamu, hasa wale wa kabila la Hui, wana vimgahawa vyao vya tambi za kuvutwa kwa mkono karibu kila mji wa China. Kwa hiyo njaa siiogopi. Chai isiyo na sukari, hiyo ndiyo nimeshaanza kuihesabu kama mtihani.

Ukiitaja Jinhua pale Kariakoo watu watakutazama tu. Sasa taja Yiwu. Jamani! Kila mwenye duka ana habari ya kukupa. Yiwu iko chini ya Jinhua kiutawala, na soko lake kubwa lina vibanda zaidi ya 70,000. Maua ya plastiki yaliyopamba ukumbi wa sherehe uliyokwenda mwezi uliopita, vibanio vya nywele, midoli ya watoto, taa za rangi, vingi vya aina hiyo vimepita pale. Mimi nafanya kazi kwa wakala wa forodha, na kwa miaka minne jina hilo nimekuwa nikiliona kwenye invoisi na makaratasi ya mizigo. Nimelisoma, nimelipiga muhuri, nimelifungulia faili. Nilikuwa sijui hata linavyotamkwa.

Hapo ndipo wazo lilipoanzia. Mfanyabiashara wetu mdogo akienda China anategemea mkalimani, na mkalimani mara nyingine anakula huku na huku. Mzigo ukija sio, mkataba uko kwa Kichina, nani atabisha? Nimewaona akina mama wakilia mezani kwangu kwa kontena ambalo sampuli yake ilikuwa kitu kimoja na mzigo wenyewe kitu kingine. Nikajiambia, katika watu wote tunaoshika karatasi hizi, angalau mmoja awe anaweza kuzisoma. Wachina walianza kututangazia redioni kwa Kiswahili mwaka 1961. Sisi kujifunza yao tumechukua muda wetu, si ndiyo?

Nikaanza madarasa ya jioni katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo ilianzishwa mwaka 2013 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Zhejiang. Chuo hicho kiko Jinhua, na tangu 2007 kina taasisi yake ya kuisoma Afrika. Kwa hiyo naenda kuwasoma watu ambao wameshatangulia kunisoma mimi. Sijaamua bado kama hilo linanifurahisha au linanitia wasiwasi.

Sasa tuzungumze kuhusu sauti. Kiswahili ni lugha ya huruma. Mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, umemaliza. Kichina kina toni nne, na toni ikibadilika neno limebadilika. "Mai" ya kushuka kisha kupanda ni kununua, "mai" ya kushuka kwa kishindo ni kuuza. Hebu fikiria uko sokoni Yiwu, una dola elfu tano za watu, na huna uhakika umesema unanunua au unauza. Na kuna hii ambayo mwalimu wetu anaitoa kila darasa jipya linapoanza, akiwa mkavu kabisa usoni: "wo xiang wen ni". Ukiishusha "wen" kwa nguvu umesema nataka kukuuliza. Ukiizungusha chini kisha juu umesema nataka kukubusu. Darasa zima huwa halina hamu ya kumuuliza mtu swali kwa wiki nzima.

Lakini lugha ile ina upande wake ambao Mswahili anaingia kama amezaliwa nao. Wachina hawasemi "vitabu viwili" hivi hivi. Lazima katikati waweke neno la aina ya kitu. Vitabu vina lake, ben. Vitu bapa kama karatasi, tiketi na meza vina lao, zhang. Vitu virefu vina tiao, na humo ndani wamo samaki, mto na suruali. Mzungu darasani kwetu alishika kichwa. Mimi nikasema, ah, hizi si ngeli tu jamani? Sisi wenyewe hatujawahi kueleza kwa nini kiti na kiazi vikae nyumba moja. Siku hiyo nilitoka darasani natembea kama nimepandishwa cheo.

Basi, woga wangu hasa ni nini?

Mimi ni mtu wa maneno. Ofisini ndiye ninayetumwa kuzungumza na mteja aliyekasirika. Nyumbani ndiye ninayesuluhisha. Mchumba wangu nilimpata kwa maneno, kwenye daladala ya Mwenge iliyokwama Ubungo kwa saa moja na nusu. Nimefaulu mtihani wa HSK ngazi ya tatu, na nilioufanya mimi ulitaka maneno kama 600. Maneno 600 yanatosha kununua embe, kuuliza njia na kusema kaka yako ni mrefu kuliko wewe. Hayatoshi kumweleza mtu kwamba umechoka lakini hujakasirika. Hayatoshi kufanya utani. Nitakuwa mtu mzima mwenye digrii na heshima zake anayeongea kama mtoto wa miaka minne, na watu watakaonizunguka watamjua huyo mtoto tu. Yule mwingine watamjulia wapi?

Halafu ninaowaacha huku, je? Kama una mpenzi anayekwenda China, kaeni chini mapema. WhatsApp, Instagram, Facebook na Google vimefungwa kule. Watu wanatumia WeChat, na kuifungua mara nyingi inabidi mtu mwenye nayo akuthibitishie. Tumeshaifungua yangu, ya mchumba na ya mama, ambaye mpaka leo anaiita "ile ya kijani nyingine". WeChat hiyo hiyo ndiyo pochi ya kule, yeye na mwenzake Alipay. Unalipa nayo mpaka muuza mboga wa barabarani. Watu wa M-Pesa hatuna cha kushangaa hapo.

Tatizo kubwa ni saa. China yote inatumia saa moja, na iko mbele yetu kwa saa tano. Akitoka kazini saa kumi na moja jioni, kwangu ni saa nne ya usiku na kesho yake nina kipindi saa mbili asubuhi. Tumetafuta mpaka tukapata mahali pa kukutana: yeye akiamka kuswali alfajiri, mimi niko kwenye mapumziko ya saa nne. Dakika kumi na tano, siku za wiki. Jumapili ndefu. Na tukakubaliana kutaja saa za Dar kwa hesabu ya Kiswahili peke yake, maana Mchina akisema saa mbili mchana anamaanisha saa nane yetu, na tayari tumeshanuniana mara moja kwa majaribio.

Utasema haya ni mambo madogo. Kwangu ndiyo ndoa yenyewe. Wapenzi wengi ninaowajua hawakuachana kwa sababu ya umbali. Waliachana kwa sababu kila mmoja alikuwa anangojea simu ya mwenzake.

Kuhusu ndoa, hapo pana maneno. Upande wa mchumba wangu walitaka tufunge kabla sijaondoka. Posa ilishapokelewa, wakaona ni suala la wiki mbili, sheikh, pilau na mambo yamekwisha. Mama mkwe wangu mtarajiwa, Mungu amweke, aliniita jikoni akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mwanamke akisafiri na jina la mume anasafiri na kivuli." Sikumjibu. Si kawaida yangu kukosa jibu, lakini yule ni mama, na najua anachokiogopa. Anaogopa kijana wake kukaa mwaka mzima akisubiri kitu ambacho hakijafungwa.

Aliyemjibu ni mwanawe. Alisema hataki tarehe ya harusi yake ipangwe na shirika la ndege. Nilimpenda upya siku ile. Usiku wake lakini, tukiwa kwenye baraza ya kwao, akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimelikimbia mwezi mzima. "Na ukibadilika je?" Nikamwambia nitabadilika, ndicho ninachokilipia. Akanyamaza kidogo, akasema basi anataka apewe taarifa kidogo kidogo, asije akaletewa bili yote siku moja uwanja wa ndege. Huyo ndiye mwanamume ninayemwacha. Kichina chake mpaka sasa ni sentensi moja, ile ya "wo xiang wen ni", na toni anaikosea makusudi.

Mama yangu mzazi ndiye amenishangaza. Nilidhani ataweka msiba. Kumbe mama ana habari zake za China toka 2011, TBC walipoonyesha ile tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake hapa Dar mwezi Machi 2013. Mama aliifuatilia yote. Hitimisho lake: watu wanaogombana na wakwe namna ile ni watu wa kawaida, nenda tu. Ameniwekea kwenye begi ubuyu, majani ya chai, na pilipili ya kusaga ya kutosha chuo kizima.

Vingine nimeviacha vijiseti vyenyewe. Viza yangu ni X1, ya wanaokaa zaidi ya siku 180, na nikifika nina siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Koti la baridi nimelipata Ilala kwenye mitumba, zito, limeandikwa "Made in China" kwenye kola, kwa hiyo narudi nalo kwao. Nitalihitaji. Jinhua iko kusini ya mto Yangtze, na mfumo wa serikali wa kupasha joto majumba ni wa miji ya kaskazini. Huku kusini Januari mnavaa makoti mpaka ndani. Jamaa aliyesoma huko ameniambia ubaridi wake ni wa unyevu, unaingia mpaka kwenye mifupa, na kwamba Wachina wakikuona unatetemeka watakupa glasi ya maji ya moto na kukuambia "jiayou", ongeza mafuta. Ndivyo wanavyokutia moyo. Nimeanza kumwambia hivyo dereva wa bodaboda wa mtaani kwetu. Naye anajibu kwamba mafuta yamepanda bei.

Lililobaki ni moja, na hatujalimaliza. Sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina inaangukia kati ya mwisho wa Januari na wiki ya tatu ya Februari, na chuo kinafunga wiki kadhaa. Nirudi, au yeye aje? Nauli inatoka kwenye fedha tulizoweka za fungate, vyovyote itakavyokuwa. Mimi nataka aje, anione nikiagiza chakula, nikipandisha na kushusha sauti mbele ya watu, anione nikiwa mjinga kidogo. Yeye anasema fungate haliliwi kabla ya harusi. Jana hatukuelewana, tukaagana hivyo hivyo. Leo mchana nimepata ujumbe wake, kwenye ile ya kijani nyingine: picha ya foleni, ofisi ya uhamiaji, ameshika pasipoti yake ya zamani.