Nimesema Laini, Sikusema Nyeupe

Uso wangu una mashimo. Yako mashavuni kote kuwili na machache kwenye paji, yaliachwa na chunusi za kidato cha pili. Shuleni waliniita Otonglo, na si kwa sababu ndiko nyumbani. Otonglo ni ile senti ya zamani ya mkoloni, yenye tundu katikati. Watoto wakitafuta jina la kumbandika mtu hawakosi ubunifu.

Kati ya mashimo kulikuwa na madoa meusi. Shimo na doa ni vitu viwili, lakini ingia duka lolote la vipodozi kuanzia kwetu hadi Kondele, useme unataka ngozi laini. Muuzaji atakutazama, ainamishe kichwa kwa huruma, kisha ateremshe kitu cha kukufanya mweupe.

“Nimesema laini.”

“Ni kitu moja, siste. Ikishakuwa nyeupe inajilainisha.”

Daktari wa ngozi ndiye aliyenitenganishia mambo. Seli zinazotengeneza rangi kwenye ngozi nyeusi ni nyepesi kushtuka. Chunusi, wembe, kusugua na jiwe, kuungua: kila jeraha zinalijibu kwa kumwaga rangi. Ndiyo maana chunusi ya wiki moja inakuachia doa la miezi. Na ndiyo maana dawa ya kuchoma ni mtego kwetu, kwa sababu inang'oa doa moja huku ikipanda jingine. Ile raha ya “inawasha, basi inafanya kazi” tuiache kwa pilipili.

Akaniandikia adapalini, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku mbili tu kwa wiki mpaka ngozi izoee. Asidi ya azelaiki ikawa ya madoa. Halafu losheni ya jua kila asubuhi, ikiwezekana ile yenye rangi ya kahawia, kwa kuwa hata mwanga wa kawaida tunaouona hutuongezea weusi kwenye madoa. Hiyo losheni ndiyo iliyoniuma mfukoni. Kuhusu mashimo yenyewe hakunidanganya: krimu haijazi shimo. Kuna kuchomwachomwa kwa sindano ndogondogo, mara kadhaa, kwa mtu aliyezoea ngozi kama yetu. Leza pia ipo, lakini si kila leza, na kabla ya yote aliniuliza kama kwetu kuna watu ambao makovu yao huvimba na kukua.

Madoa yalianza kufifia mwezi wa nne. Mashimo yapo.

Dada yangu naye ujauzito ulimwachia mabaka ya kahawia mashavuni, jambo linalowapata wengi. Mtoto alipofikisha wiki tano Waya alikuja kumwona, na mkononi ana omena, unga, na mkebe mweupe usio na maandishi yoyote.

“Nyathina, hii upake usiku. Lakini toa pete kwanza. Haipatani na dhahabu.”

Hapo ndipo nilipokaa wima. Kule Migori wachimbaji humwaga zebaki kwenye mchanga kwa sababu zebaki huishika dhahabu. Krimu inayoogopa pete inakuambia kitu kuhusu tumbo lake. Sikuwa na maabara, na huenda ndani hamkuwa na zebaki. Lakini historia tunayo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu wagonjwa 60 wa figo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Mwaka 2001 watafiti Wajapani, akiwemo Masazumi Harada aliyeifahamu sumu ya Minamata kuliko karibu mtu yeyote, waliandika kuhusu upande huu wetu wa Ziwa Victoria. Ungetarajia lawama ziwe kwa samaki au kwa dhahabu. Walichoonyesha kidole ni sabuni ya kung'arisha ngozi, iliyotengenezwa Ulaya.

Na zebaki haibaki kwa mama. Inapita kwenye maziwa. Inapita shavu likigusa shavu.

Sasa mwambie hayo shangazi yako, dada ya baba, ameketi kwenye kiti cha baba. Niliuliza tu, kwa upole, ametengeneza nani.

“Kwani mimi nimekufa?” Mashavu yake ni mekundu, vifundo vya vidole vyeusi ti. “Na wewe na madaktari wako, mbona bado una mashimo?”

Swali halali kabisa, na jibu fupi sikuwa nalo.

Dada ndiye aliyelimaliza. “Asante sana, Waya. Wacha nimalize kunyonyesha kwanza.” Akamwongezea chai. Waya akakubali, maana nani atabishana na mtoto anayenyonya? Sasa namshawishi Waya mwenyewe amwone daktari kabla ya kuacha yake, kwa sababu nyingi za hizi huchanganywa na steroidi, na ukiziacha ghafla uso unawaka moto.

Mkebe umebaki. Taka za plotini kwetu huchomwa, na zebaki ikichomwa inakuwa mvuke. Ukitupwa mtaroni mvua inaupeleka ziwani. Dada ameuzungushia gundi ya karatasi, akaandika kwa kalamu nyekundu SI YA KUPAKA, akauweka juu ya kabati, na kila nikipita ananiuliza kama nimepata mahali pa kuupeleka.