Ushauri wa Asiyewajibika



Wapendwa waamini, juma hili twaanza na ungamo letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa jumuiya ndogondogo alitujia baada ya Misa ya asubuhi. Alikuwa katika mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu. Kikohozi kilikuwa kimekoma na mwili umeanza kurudi. Alituonyesha ujumbe katika simu yake. Mtu asiyemfahamu aliandika kwamba dawa hizo huharibu ini, na kwamba majani ya mlonge na tangawizi yatosha. "Baba Padre, wasemaje?" Nasi tulikuwa na haraka ya kwenda kigangoni. Tukamjibu: "Mama, fuata kinachoupa moyo wako amani." Akaziacha dawa.

Ujumbe ule haukuwa uongo mtupu, na hapo ndipo ilipokuwa hatari yake. Ni kweli kwamba dawa hizo zaweza kudhuru ini la baadhi ya wagonjwa. Ndiyo maana daktari huangalia kama macho yamekuwa ya manjano, na ikibidi hubadili tiba. Lakini mwandishi yule hakusema kwa nini tiba ya kawaida huchukua miezi 6: kikohozi huweza kukoma mapema, huku vimelea vingali hai. Anayeacha katikati huvipa nafasi ya kurudi, pengine vikiwa sugu.

Baada ya miezi miwili mama alirudi akikohoa, na mjukuu aliyelala naye akikohoa pia. Tulifuatana nao hospitalini. Walipona, Mungu ashukuriwe. Lakini mama alianza tiba upya, na mtoto alilipa deni lisilo lake.

Seminari ilitufundisha falsafa na teolojia, si utabibu. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atuagiza kumheshimu tabibu. Mtakatifu Yakobo naye aonya kwamba walimu watahukumiwa kwa ukali zaidi. Ujumbe hatukuuandika sisi, lakini tuliugongea mhuri.

Mwandishi yule hata leo hajui jina la mama wala la mjukuu. Basi, ndugu wapendwa, kabla ya kumpa mgonjwa neno tulilookota, tujiulize: likimdhuru, nani atakesha naye? Si aibu kusema, "Sijui, twende kwa anayejua." Nalo ni tendo la huruma.